Sahani ya Mkwezi

Juma lililopita nilikuwa nikitoa vitu vya baba katika chumba chake kule Shika Adabu, maana nimemleta tukae naye Kisauni, nikashika kitu kigumu kilichoning'inia nyuma ya mlango. Kilikuwa kitanzi cha kamba ya makumbi alichokuwa akikivaa miguuni kila anapokwea mnazi. Kimekauka, kimekuwa cheusi kwa jasho la miaka. Nilikipeleka puani kabla sijafikiri. Jasho, moshi wa jikoni, ule uchachu wa kumbi bichi. Nikaketi chini palepale kwenye vumbi. Mwanangu akaniuliza kama nimeumwa na mdudu. Nikamwambia aende dukani akaninunulie chumvi, na chumvi ilikuwemo tele ndani ya kikapu.

Nyinyi wenzangu wa rika langu, mliokulia kule ng'ambo ya feri, mtakumbuka kwamba mkwezi alikuwa mtu. Siku hizi ukitaka dafu unapiga simu. Zamani zile ulimtafuta mkwezi kwake asubuhi, ukamwamkia kwa adabu, ukamwomba aje akuangulie, na akisema kesho ni kesho. Baba alikuwa mkwezi, na alisifiwa kwa neno moja tu: mwepesi. Wengine walisema ana miguu ya paka. Wengine walisema akishuka mnazini ardhi haijui kama ameshuka. Mimi nilikuwa binti yake na nilikuwa kinyume chake kabisa. Nilivunja vikombe, nilijikwaa kwenye kizingiti nilichokivuka tangu nizaliwe, na mama alizoea kusema nikipita uani hata kuku hujua. Nilikuwa mzito, baba alikuwa mwepesi, na kwa akili yangu ya miaka minane hayo hayakuwa maneno ya utani. Nilidhani kila mtu amepewa lake, na Mungu akipenda aweza kukupokonya.

Kisha Hamadi akaanguka.

Hamadi alikuwa mkwezi mwenzake baba, mtu wa kucheka sana, na alianguka kutoka kwenye mnazi wa Bi Zena, ule mrefu uliopinda juu ya paa la nyumba yake. Bi Zena alikuwa mjane mzee, jirani yetu wa nyumba ya tatu. Mimi nilikuwa kisimani. Sikuona kitu. Nilisikia kishindo kimoja, kizito, kama gunia lililoshushwa na mtu asiyejali, halafu kukawa kimya hata mabata ya Bi Zena yakanyamaza. Alizikwa siku ileile kabla ya magharibi.

Matangani niliwekwa jikoni na wanawake kumenya vitunguu, na huko ndiko nilikopata elimu yangu. Alikuwepo Bi Mwanasha, ambaye hakuna jambo mtaani lililompita, na ambaye hata asilolijua alilieleza vizuri.

"Mwili, wenzangu, mwili!" alisema, akigonga kifua. "Tangu aoe yule mke wa pili, asubuhi mahamri, mchana pilau, jioni pilau iliyobaki. Mkwezi yuwala hivyo? Wallahi shati lilikuwa halifungi. Alikuwa ashakuwa mzito. Mnazi ukamkataa."

Wanawake wakaitikia kwa ndimi. Hakuna aliyembishia. Mimi machozi ya vitunguu yalikuwa yakinitoka, na nikasimamisha kisu, kwa sababu usiku uliotangulia mama alikuwa amempakulia baba wali wa nazi mara mbili.

Hapa inafaa niwaeleze habari ya sahani, kwa kuwa kila kitu kilipitia hapo. Kwetu mama alipakua jikoni, akafunika kwa kawa, na mimi ndiye niliyeibeba sahani ile kutoka jikoni, nikapita uani, nikazunguka nyumba hadi barazani alikokaa baba. Ndiyo kazi pekee niliyoaminiwa, mimi mvunja vikombe. Na baba alikuwa na tabia moja ya wanaume wa kwetu, wale waliolelewa vizuri: haulizi juu ya chakula. Kinacholetwa ndicho anachokula, anasema alhamdulillahi, anaosha mikono. Kuuliza kimepungua kwa nini, au kuitisha kingine, ni kumwambia mkewe mbele ya nyumba nzima kwamba chungu chake ni kidogo. Baba angekufa kabla ya kumwaibisha mama hivyo. Nalisema hili bila kutia chumvi.

Nilianza kesho yake. Nilipozunguka pembe ya nyumba, mahali ambapo jikoni hawanioni na barazani hawanioni, nilifunua kawa, nikachota viganja viwili vya sima na samaki mmoja kati ya wawili. Mwanzoni nilivila mwenyewe, tena haraka, huku nikilia, maana niliona afadhali nizidi kuwa mzito mimi nisiyekwea chochote. Siku ya tatu tumbo likakataa. Ndipo nikayaona mabata ya Bi Zena, yenye shukrani na yasiyo na mdomo wa kusema. Nikawa nayamwagia kando ya ua. Kila siku nilizidisha kidogo. Nusu ya sima. Kipande kizima cha mhogo. Uji wa asubuhi niliubakisha vidole viwili chini ya kikombe.

Na nilikuwa na kipimo changu. Uwanja wetu ulikuwa wa mchanga, na mama alikuwa akiunyunyizia maji asubuhi ili vumbi lisipande. Baba akipita kwenda kazini aliacha nyayo. Nilichuchumaa nikatia kidole ndani ya unyayo wake, palipokanyagwa na kisigino, nikaangalia kidole kinazama mpaka wapi. Siku ya kwanza kilizama kiungo kizima. Baada ya wiki mbili hakikufika hata kwenye ukucha, au ndivyo nilivyotaka kuona. Nilifurahi. Niwaambie kweli, sijawahi tena katika maisha yangu kuwa na furaha ya namna ile, ya mtu anayemwokoa mwenziwe bila mwenziwe kujua. Nikisali nyuma ya mama nilikuwa na dua moja tu, nikiipachika kwenye kila sijda: Ewe Mola, mfanye baba mwepesi.

Mambo mengine niliyaona lakini sikuyasoma. Suruali yake ya kazini ilianza kufungwa kwa kamba. Mikono ilimtetemeka akifunga kile kitanzi. Mara moja alisimama ghafla kutoka barazani, akashika nguzo, akaitazama kwa muda kama aliyesahau jina lake. Kilichonitatiza zaidi ni kwamba alikuwa akirudi kutoka kazini jioni zaidi kuliko zamani. Alikuwa amechukua minazi ya upande wa kule barabarani, ambayo siku zote aliwaachia vijana. Nilijiambia ni kwa sababu sasa ni mwepesi, anaiweza. Nikajipongeza.

Jioni moja nikawasikia wanazungumza, mimi nikiwa ndani nakunja nguo.

"Bi Zena amenijia," baba alisema. "Yuwataka ule mnazi wake uanguliwe. Nazi zimekauka, moja ishatoboa bati."

"Upi?" mama akauliza, ingawa Bi Zena alikuwa na mmoja tu. "Ule wa Hamadi? Bakari, hakuna mkwezi aliyekubali mti ule. Kwani tuna shida gani hata uukwee wewe?"

"Hatuna shida," baba akasema pole pole. "Nani kasema tuna shida?"

"Basi mwache atafute mtu mwingine."

"Nishamwahidi. Kesho, inshallah."

Nilichungulia mlangoni. Baba alikuwa akimwangalia mama kwa jicho la huruma nisilolielewa, na mama anamwangalia yeye kwa jicho lilelile, kila mmoja amebeba siri anayodhani ni ya mwenzake. Mimi niliyekuwa na siri yenyewe nilikuwa nafikiria jambo moja. Kesho ni mnazi ule. Kesho lazima awe mwepesi kuliko siku zote.

Kwa hiyo asubuhi ile sikupunguza. Nilimwaga chote. Kikombe cha uji, viazi vitamu viwili, vyote kwa mabata. Nikampelekea baba sahani tupu iliyofunikwa kwa kawa. Alifunua. Akaitazama. Aliinua macho akanitazama mimi, nami nikatazama miguu yangu. Hakuuliza kitu. Akaifunika tena vizuri, akasema alhamdulillahi kwa sauti ya kufika jikoni, akaosha mikono iliyokuwa safi. Mwisho akachukua panga lake na kitanzi akaenda. Na jana yake usiku, nilisahau kuwaambia hilo, hakupata ila matonge matatu.

Nilimfuata. Bi Zena alikuwa ameketi mlangoni mwake na mkongojo wake, mabata yamemzunguka. Baba aliuzunguka mnazi mara mbili, akasoma dua, akavaa kitanzi miguuni, akaanza. Mnazi una vidato, zile ngazi ndogo zinazochongwa ubavuni, na zaidi ya hizo mkwezi hutegemea kitanzi: anavuta magoti, anabana, anajinyoosha. Siku zote baba alipanda kwa mwendo mmoja kama mtu anayehesabu tasbihi. Siku hiyo alipanda, akapumzika. Akapanda, akapumzika. Karibu na kilele, urefu wa mtu mmoja chini ya makuti, akasimama. Akaukumbatia mti kwa mikono yote miwili, akalaza shavu.

Tulidhani anavuta pumzi. Bi Zena akaanza kumwelekeza ni nazi zipi, akanyamaza katikati ya neno. Panga lilikuwa likigonga kwenye gome, taratibu, lililofungwa kiunoni mwake, na lilikuwa likigonga kwa sababu mwili mzima ulikuwa ukitetemeka.

"Bakari mwanangu, kuna nini?"

"Sioni," sauti ikashuka kutoka juu, ndogo. "Macho yameingia giza."

Sijui watu walitoka wapi. Kwa muda mfupi uwanja ulijaa. Mama alikuja na unga mikononi. Mmoja akasema aletwe mtu na kamba, mwingine akasema kamba itafikaje huko. Bi Mwanasha alishika kichwa akasema nilijua mti huu una mtu, Hamadi hajaondoka. Wanaume wakaanza kupiga kelele zilezile kwa pamoja: shuka, shuka pole pole, teremka! Nikaona mguu wa baba unajaribu kutafuta kidato chini yake, unapapasa hewa, haukipati, unarudi. Vumbi la gome likaanguka. Kila mtu akavuta pumzi na hakuna aliyeitoa.

Na hapo mabata yakanijia. Yote, yakipiga domo, yakanizunguka miguuni yakidai chao kama kawaida. Niliyasukuma, yakarudi. Nilimwona Bi Zena ameyaona. Nilimtazama baba kule juu, mwepesi kama nilivyomwomba Mungu, mwepesi kiasi kwamba upepo ulikuwa ukimpeperusha shati kama hakuna mtu ndani, na kwa mara ya kwanza nikafahamu kwamba nimekosea. Sikujua nimekosea wapi. Nilijua tu kwamba nikinyamaza ataanguka, na nikisema nitakuwa mtoto aliyemwangusha babake. Nilimvuta mama kanga.

"Mama. Baba hajala."

"Nini? Niache!"

"Hajala, mama. Leo hajala kabisa. Na jana, na juzi. Mimi humwaga chakula chake. Nayapa mabata."

Mama aliinua mkono. Nilifumba macho nikausubiri, na haukuja. Nilipofumbua, mkono ulikuwa bado hewani na uso wake ulikuwa ukipiga hesabu ya siku zote zile, suruali iliyofungwa kwa kamba, mwendo wa taratibu. Akanigeuzia mgongo, akaweka viganja mdomoni. Nilishamsikia akimwita baba kwa jina ndani ya nyumba, lakini mbele ya watu hakuwahi.

"Bakari! Usishuke! Wasikie? Usishuke! Huna ugonjwa, huna shetani, una njaa! Panda! Panda ukae kwenye makuti, ufungue dafu unywe!"

Watu wakamgeukia kama amepandwa na wazimu. Halafu baba akajibu, na jibu lake ninalisikia mpaka leo.

"La. Si langu."

Mkwezi hanywi juu ya mti wa mtu. Ndiyo sheria yao, hata kama hakuna aliyeiandika. Kule juu hakuna anayekuona ila Mungu, na mkwezi anayejulikana kwamba hufungua dafu kileleni hatapata mti wa pili. Baba alikuwa amekwea minazi ya watu tangu ujanani bila kulamba hata tone. Sasa anakufa na madafu yako juu ya kichwa chake, na bado anaangalia halali na haramu.

Bi Zena akainuka. Sikuwahi kumwona akisimama bila kushikwa. Aliuacha mkongojo ukaanguka, akauegemea ule mnazi kwa kiganja kama anayemgusa mtu bega.

"Bakari mwanangu! Mnazi ni wangu na madafu ni yangu. Nimekuhalalishia, duniani na akhera, na watu hawa wote ni mashahidi. Kunywa! Kunywa hata yote!"

Ilibidi baba ajivute urefu wa mtu mmoja, kipofu, kwa mikono iliyoishiwa. Alibana magoti, akajinyoosha, akateleza nusu ya alichopanda. Mwanamke mmoja akapiga yowe, mama akamziba mdomo. Akabana tena. Mkono mmoja ukashika kuti. Likang'oka. Lilikuwa kavu, likashuka likijigeuzageuza, likamwangukia nani sijui. Mkono ukarudi, ukapapasa, ukapata shina la kuti bichi, ukavuta. Miguu ikapotea ndani ya majani. Tukasikia panga: ko, ko, ko. Kimya. Kifuu kimoja kikashuka na kishindo kilichoniondoa roho. Baada ya muda kikafuata cha pili.

Alikaa kule juu mpaka adhana ya adhuhuri ikatoka na kwisha. Aliposhuka, alishuka kidato kwa kidato, akikijaribu kila kimoja kwa kidole cha mguu kabla ya kukiamini. Alipogusa mchanga mama hakumkimbilia. Alikaa chini, hapohapo alipokuwa, na unga wake mikononi.

Nyumbani baba alikula kwanza. Sote tulikuwa tukimtazama mpaka alipoosha mikono. Ndipo akaniita.

"Abee, baba."

"Kwa nini?"

"Ili usiwe mzito," nikasema. "Kama Hamadi. Bi Mwanasha alisema Hamadi alikula mpaka mnazi ukamkataa."

Baba alijifuta uso kwa kiganja, juu mpaka chini, pole pole. "Hamadi alivunjikiwa na kidato," alisema. "Kilikuwa kimeoza kwa mvua. Nimekiona leo kwa macho yangu nilipokuwa nashuka. Hamadi hakuwa na kosa lolote." Kisha akanivuta nikae karibu. "Sikia. Mnazi haunibebi mimi. Ni mimi ndiye ninayejibeba. Sasa nijibebe kwa nini, kwa hewa?"

Akamgeukia mama. "Mimi nilidhani unga umetupungukia, na waona haya kuniambia. Ndio nikaongeza miti."

"Na mimi nilidhani una jambo moyoni," mama akasema. "Ndio wakonda. Nikaogopa kukuuliza." Akaanza kulia wakati ule, hatari ikiwa imeshapita, na baba akatazama pembeni kumpa nafasi.

Sikupigwa. Nilikuwa nikitamani nipigwe yaishe. Adhabu yangu ikawa kula naye, sahani moja, kila siku, mpaka nilipovunja ungo. Alikuwa akiigawa sima katikati kwa kidole, na sehemu yangu nisipoimaliza ananingoja.

Sasa yuko hapa kwangu. Hakwei chochote, hata kitanda kinamshinda. Juzi nilimwinua kumweka kwenye kiti, nikajiandaa kwa uzito wake kama mtu anavyojiandaa kwa ndoo iliyojaa, akaja mikononi mwangu mzima kwa mara moja, nusura nianguke naye nyuma. Ile dua niliyoipachika kwenye kila sijda imejibiwa, imechelewa tu. Nilimkalisha, nikaenda jikoni nikasimama kidogo na uso wangu ukutani. Asubuhi mvua ilikuwa imenyesha. Nilimtembeza uani akinishika mkono, na tuliporudi niligeuka nyuma kutazama mchanga. Nyayo zangu zilikuwepo, za kuzama. Zake ilibidi nizitafute.

Mchana nampakulia, nafunika kwa kawa, ile niliyoitoa kule Shika Adabu pamoja na kitanzi. Kutoka jikoni hadi chumbani kwake kuna pembe moja ambapo hawezi kuniona. Hapo nasimama, nafunua, na kutoka kwenye sahani yangu, niliyoiweka hapo, namwongezea viganja viwili vya wali na kipande changu cha samaki. Anakula pole pole, mwisho anasema alhamdulillahi. Siku nyingine anaitazama sahani kwa muda, ananitazama mimi, nami natazama miguu yangu. Haulizi kitu. Jana aliimaliza yote.